Tamko la Chama cha Walimu wa Historia kuhusu Maiti wa Dresden na Maangamizi ya Wayahudi

Kila ikaribiapo tarehe 13 Februari, hoja ileile hurudi madarasani, na siku hizi hata vijiweni: Wajerumani waliua Wayahudi, Waingereza na Wamarekani wakachoma miji ya Ujerumani, kwa hiyo ngoma droo. Sisi walimu wa historia, wanachama wa chama hiki, tunatamka bila kumung'unya maneno kwamba hesabu hiyo ni potofu, na kwamba kuikataa si kuwadharau waliokufa Dresden.

Tuanze na hao waliokufa. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 1945, ndege za Uingereza zaidi ya 700 zilishambulia Dresden kwa mikupuo miwili, zikimwaga mabomu ya kulipua na ya kuchoma. Kulipokucha wakaja Wamarekani. Mji ulikuwa umejaa raia, na miongoni mwao wakimbizi waliokuwa wakilikimbia jeshi la Kisovieti. Hamburg ilikuwa imekwisha kuonja moto wa aina hiyo Julai 1943, watu zaidi ya 30,000 wakafa. Wala haikuwa bahati mbaya: maelekezo waliyopewa makamanda wa ndege za Uingereza Februari 1942 yalitaja wazi kwamba shabaha ni kuvunja moyo wa raia, hasa wafanyakazi wa viwandani. Chama hiki hakioni uhalali wa jambo hilo. Hata London kulikuwa na aliyelipinga vita vikiwa bado vinaendelea: Askofu George Bell alisimama katika Bunge la Malord tarehe 9 Februari 1944 akahoji uchomaji wa miji mizima. Askofu huyohuyo ndiye aliyekuwa akihangaikia wakimbizi wa utawala wa Hitler tangu miaka ya 1930.

Lakini mji wa Ujerumani ulikuwa na mlango wa kutokea. Ujerumani iliposalimu amri Mei 1945, mabomu yalikoma. Myahudi wa kisiwa cha Rhodes angepandisha bendera nyeupe ipi? Julai 1944, majeshi ya Hitler yakiwa yanarudi nyuma mashariki na magharibi, Wajerumani waliwakusanya Wayahudi wa kisiwa hicho, zaidi ya 1,600, wakawapakia melini hadi Piraeus, kisha kwenye mabehewa hadi Auschwitz. Hawakuwa na jeshi wala kiwanda cha risasi. Mabehewa yenyewe yalihitajika kubebea askari na silaha, lakini yalitumika kubebea vikongwe na watoto wachanga kwenda kuuawa. Hapo ndipo tunapowaomba wanafunzi wasimame. Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa kwa sababu kuwamaliza ndiko kulikokusudiwa. Kwao hakukuwa na sharti ambalo wangelitimiza wakaachwa hai.

Dresden yenyewe ilikuwa na Wayahudi. Sinagogi lao lilichomwa Novemba 1938, karibu miaka 6 kabla bomu lolote halijauangukia mji huo. Kufikia mwanzo wa 1945 walikuwa wamebaki wachache, wengi wao wenye wake au waume wasio Wayahudi. Profesa Victor Klemperer alikuwa mmoja wao, na tarehe 13 Februari alitumwa kuwapelekea wenzake barua za kuwaita wajitayarishe kusafirishwa. Usiku huo mji ukawaka. Katika vurugu zile nyota ya njano ya kumtambulisha Myahudi ikabanduliwa kwenye koti lake, naye akatoroka na mkewe. Kisa hiki hakiyatakasi mabomu. Tunakitaja kwa kuwa anayetaka kulinganisha maafa haya mawili kama magunia kwenye mizani hana pa kumweka Klemperer.

Kuhusu idadi, kumekuwa na ulaghai. Ripoti ya polisi ya Machi 1945 ilihesabu maiti 20,204; nakala ya kughushi ikaongezewa sifuri, ikasomeka 202,040. Mwandishi David Irving aliandika 135,000 katika kitabu chake cha 1963. Jopo la wanahistoria lililoundwa na jiji la Dresden lilitoa ripoti yake 2010: waliokufa hawakuzidi 25,000. Wanaoshikilia sifuri ile wana sababu zao. Januari 2005, katika bunge la jimbo la Saxony, wabunge wa NPD, chama cha siasa kali za kulia, walisusia dakika ya kimya ya kuwakumbuka waliouawa na Wanazi, na mmoja wao akayaita mashambulizi ya Dresden "Holokosti ya mabomu".

Ujanja huo si mgeni kwetu Afrika Mashariki. Mahakama ya kesi za Rwanda iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu kwa mauaji ya kimbari Septemba 1998, na bado tunawasikia wanaosema kuwa Rwanda "kila upande uliua", wakitaka mauaji ya Watutsi yayeyuke ndani ya vita.

Kwa hiyo tunawataka wanachama wetu wafundishe Dresden na Hamburg kwa ukamilifu, kila mji na maiti wake, na wasizitumie kama jibu la swali kuhusu Auschwitz. Mwanafunzi akiandika "pande zote ziliua", asipewe alama mpaka aeleze nani aliuawa, kwa amri gani, na angefanya nini apone. Vitini vyote vyenye takwimu ya 135,000 virekebishwe kwa wino kabla ya muhula kuanza.