Kujizuia ni Kwema, Ujinga si Kinga

Pana ugomvi katika Tanzania yetu uliodumu miaka mingi, nao husemwa kwa sauti ya chini, maana ni habari ya chumbani. Wako ndugu wasemao kwamba dawa ya mimba za utotoni na maradhi ya zinaa ni moja tu, nayo ni kujizuia. Na kwamba kutaja vidonge, sindano, vijiti au kondomu mbele ya vijana ni kuwafungulia mlango wa uasherati. Wako na wengine wasemao kwamba mahubiri ya kujizuia yamepitwa na wakati, vijana wapewe kinga, basi yaishe. Sisi twaona kwamba kila upande umeshika nusu ya haki, na kwamba anayelipa gharama ya ugomvi huu hakuitwa barazani. Naye ni mtoto wa kike.

Kwanza, tusikubali kuambiwa kwamba kujizuia kuliletwa na merikebu. Wazee wetu walikuwa nako. Mama aliyekuwa akinyonyesha alijitenga na mumewe, na waliovunja mwiko huo waliambiwa kwamba wamembemenda mtoto. Madaktari hawakubali kwamba tendo lile huharibu maziwa, lakini hekima iliyokuwamo ndani ya mwiko wanaikubali: Shirika la Afya Duniani lashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Basi kupisha uzazi ni desturi yetu. Kilichobadilika ni chombo.

Tena yafaa tukumbuke kwamba wazee hawakuamrisha kujizuia kwa kunyamaza. Mwari aliwekwa ndani na kungwi akamfundisha mwili wake, heshima yake na hatari zake. Mwiko ulikwenda pamoja na mafunzo. Leo mahali pengi unyago na jando vimepungua, mafunzo tumeyatupa, tumebaki na mwiko peke yake. Kisha twashangaa kwamba haushiki!

Pili, habari ya dini. Uislamu na Ukristo vyote vyakataza zina. Hapo hapana mjadala, wala gazeti hili halina nia ya kuuanzisha. Lakini juu ya watu waliooana, wakubwa wa dini hawasemi neno moja. Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake wa mwaka 1968, alikataza njia za kutengenezwa, akaruhusu mke na mume wafuate siku ambazo mimba haishiki. Maaskofu wa Kianglikana, walipokutana Lambeth mwaka 1930, walikwisha kuziruhusu njia hizo kwa masharti. Na kwa Waislamu, Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliona kwamba azl, yaani mume kumwaga nje, si haramu. Basi mtu akisimama na kusema kwamba dini yakataza kinga yote, na aulizwe: dini ipi, na kwa nani? Mwenye kuamini na afuate neno la imani yake. Serikali wala chama havina haki ya kumlazimisha mtu kumeza kidonge. Lakini naye hana haki ya kumfungia jirani yake mlango wa zahanati.

Tatu, afya. Ni kweli kabisa kwamba anayejizuia hapati mimba, na maradhi ya zinaa humpitia mbali. Walakini nadhiri huvunjika, na wengine huvunjiwa kwa nguvu. Binti aliyebakwa hakushindwa kujizuia! Ni kweli pia kwamba vidonge, sindano na kijiti huzuia mimba lakini havizuii Ukimwi wala kisonono; kondomu ndiyo ikingayo yote mawili, ikitumiwa sawasawa na kila mara. Njia hizi zaweza kuleta taabu, kama hedhi kuvurugika au kichwa kuuma, kwa hiyo mtu amwone muuguzi, asifuate maneno ya sokoni. Mwanamke aliyeacha sindano aweza kukaa miezi kadhaa kabla ya kushika mimba, na hapo ndipo uvumi wa ugumba ulipopata mizizi. Uvumi huo haufutwi kwa kuficha habari, bali kwa kuzieleza.

Wako ndugu zetu wanaosema kwamba uzazi wa mpango ni hila ya wageni ya kutupunguza. Hatuwacheki. Huduma hizi zilianza Dar es Salaam mwaka 1959, bendera ya Mwingereza ingali ikipepea, na mtu aliyetawaliwa ana haki ya kushuku zawadi ya mtawala. Lakini shuku iende pande zote. Mwaka 2003 Marekani ilipopitisha sheria ya dola bilioni 15 za kupigana na Ukimwi ng'ambo, nasi tukiwa miongoni mwa nchi zilizofadhiliwa, sheria ile ilitaka theluthi moja ya fedha za kinga zitumike kuhubiri kujizuia mpaka ndoa. Sharti hilo lililegezwa mwaka 2008. Basi vidonge vilitoka kwao, na mahubiri yalilipiwa nao. Je, tutaishi tukigombana kwa fedha za wengine na kwa maneno ya wengine? Mwalimu Nyerere alikwisha tuonyesha njia mwaka 1969, alipoueleza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano mbele ya TANU: kuzaa, mtu na mnyama ni sawa, kulea na kusomesha ndiyo kazi ya mtu. Hiyo ndiyo mizani yetu.

Sasa tumrudie binti. Mwaka 2022 utafiti wa taifa ulionyesha kwamba wasichana 22 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikwisha zaa au walikuwa na mimba. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa 27. Kwa miaka mingi binti wa namna hiyo alifukuzwa shule kwa jina la maadili, na Juni 2017 Rais John Magufuli akatangaza kwamba hatarudi. Novemba 2021 Serikali ikamfungulia mlango, nasi twaishukuru. Lakini yule mwanamume yuko wapi? Sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 yampa kifungo cha miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi. Sote twajua jinsi kesi hizo zinavyomalizwa sebuleni, kwa ng'ombe na bahasha, wazazi wakipeana mikono huku mtoto akilia jikoni. Maadili gani haya yanayomhukumu mwenye tumbo na kumsitiri mwenye mali?

Basi twasema wazi. Mtoto afundishwe kujizuia, na afundishwe pia kwa nini, na mwili wake ufanyavyo kazi, na la kufanya akitishwa. Mke na mume wapewe elimu ya njia zote, za siku na za dawa, wachague kwa imani yao. Mama, keti na binti yako kabla jirani hajakutangulia. Baba, keti na kijana wako, umwambie kwamba kujizuia si kazi ya wanawake peke yao. Mashehe na mapadre, endeleeni kuhubiri usafi, lakini msimtie hofu binti aendaye kuuliza zahanati. Nanyi wanachama, kila tawi lina watu wanaoheshimiwa: kesi ya mwanafunzi isifungwe kwa bahasha nanyi mpo.

Kujizuia ni fadhila, na fadhila huchaguliwa na mwenye kujua. Anayejizuia kwa sababu hajui lolote hakuchagua kitu. Amefichwa tu, na siku atakapofichuliwa atakuwa peke yake.