Kutoka Meza Hadi Gitaa

Fundi aliyezoea kuunda meza na makabati katika kibanda cha uani hujihesabu kuwa anayo tayari nusu ya elimu ya kuunda gitaa. Hakosei. Randa ni ile ile, patasi ni ile ile. Antonio de Torres wa Hispania, aliyezaliwa mwaka 1817, na ambaye umbo la gitaa lake huigwa hata leo, alianza kwa kujifunza useremala. Naye C. F. Martin, aliyehama Ujerumani kwenda Marekani mwaka 1833, alikuwa mwana wa seremala; mjini kwao waunda fidla walikuwa wakidai kwamba maseremala wa samani wasiruhusiwe kabisa kuunda magitaa!

Lakini lipo jambo moja ambalo seremala hana budi kulisahau. Meza hujengwa isivunjike. Gitaa likijengwa hivyo huwa bubu. Ubao wa uso, ule wenye tundu, hupigwa randa hadi ubaki unene wa milimita mbili na nusu hivi, ilhali nyuzi za nailoni huuvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi, na za chuma zaidi ya hapo. Mkono wa seremala hukataa. Huacha milimita nne kwa kuhofia ubao usipasuke, naye mwisho wa kazi hupata sanduku zuri lenye kung'aa, lisilo na sauti. Kinachoushikilia uso ni fito nyembamba zilizogundishwa kwa ndani, wala si unene wake. Fundi hana budi kuuparuza kidogo, kuugonga kwa kidole, kuusikiliza, kisha kuuparuza tena.

Mgongo hauna masharti mengi. Mwaka 1862 Torres aliunda gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, uso tu ukiwa wa ubao, nalo likalia. Basi mabaki ya mninga ya kitanda cha mwaka jana yatafaa, maadamu yamekauka barabara. Mbavu hulowekwa, kisha hukunjwa taratibu juu ya bomba la chuma lililopashwa moto.

Shingoni ndiko hesabu iliko. Urefu wa nyuzi ukiwa milimita 650, gawanya kwa 17.817: kijiti cha kwanza hukaa milimita 36.5 kutoka mwanzo wa nyuzi. Urefu unaosalia hugawanywa vivyo hivyo, hadi kijiti cha kumi na mbili kinapoangukia katikati kabisa, kwenye milimita 325. Milimita moja ikikosewa katika kabati, hakuna mgeni atakayeiona. Hapa kila mwenye masikio ataisikia.

Kipande cha kufungia nyuzi kikisha gundishwa, vibanio visiondolewe hadi kesho yake, hata kama watoto wa jirani wamekwisha kujaa mlangoni wakingojea wimbo.