Gemu zinarahisishwa: mchezaji anapata nini, anapoteza nini?

Kijana wa Ipuli, katika Manispaa ya Tabora, akifungua gemu ya safari na vita kwenye simu yake, mara nyingi ataona mshale unaomwelekeza pa kwenda na kitufe kinachomwambia abonyeze wapi. Zipo hata gemu zinazokupigania zenyewe, wewe ukitazama tu. Zamani haikuwa hivyo.

Gemu za kuigiza mhusika ni zipi?

Ni gemu ambazo unakuwa mtu ndani ya hadithi: mpiganaji, mchawi au mwizi. Unaamua awe hodari kwa lipi, aseme nini, amsaidie nani. Aina hii ilianzia mezani, Marekani, mwaka 1974, kwa mchezo wa Dungeons & Dragons unaochezwa kwa karatasi, penseli na dadu.

Nini kimepunguzwa?

Mfano ni mfululizo wa The Elder Scrolls. Katika Morrowind ya mwaka 2002, mchezaji aliulizia njia kama mgeni kijijini, na asiposikiliza vizuri alipotea. Mwaka 2006, Oblivion ilileta dira yenye alama ya pa kwenda. Mwaka 2011, Skyrim ikaondoa hesabu za nguvu, akili na wepesi wa mhusika, ikabakiza afya, uchawi na pumzi. Skyrim imeuza zaidi ya nakala milioni 60. Kutengeneza gemu kubwa ni gharama, na wateja wengi ndio wanaoirudisha.

Bao linatufundisha nini?

Wachezaji wa bao wanalijua jambo hili. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Anayeanza hupewa bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, mchezo unaanza. Akizoea huingia bao la Kiswahili: kete 22 mkononi kwa kila mchezaji, 10 ubaoni, kunamua, nyumba ya kulinda, kisha mtaji. Mlango umerahisishwa, lakini bao lenyewe halikupunguzwa.

Baldur's Gate 3, iliyotoka Agosti 2023, ilifanya vivyo hivyo. Ina ngazi nyepesi kwa wanaoanza, huku sheria zake nyingi zikibaki. Ilishinda tuzo ya gemu bora ya mwaka huo katika The Game Awards. Kumbe watu wengi hawakimbii ugumu wakifunguliwa mlango.

Tatizo liko wapi?

Gemu nyingi za simu hupakuliwa bure. Mwanzo ni rahisi mno. Ukishanogewa, unaambiwa usubiri saa kadhaa, utazame tangazo linalokula bando, au ulipe. Diablo Immortal ya mwaka 2022 ililaumiwa na wachezaji wengi kwa sababu mwenye pesa aliweza kununua nguvu. Hapo ugumu haukuondolewa, umewekewa bei.

Ufanye nini?

Kabla ya kumaliza bando, jiulize: nikishindwa, gemu hii inanifundisha au inaniomba hela? Kwenye bao, ukifungwa, unaweza kuona ulikosea wapi, na mchezo unaofuata ni bure.

Mzazi ambaye watoto wanachezea simu yake aweke namba ya siri kwenye ununuzi wa duka la programu, ili mtoto asilipie kitu bila yeye kujua.