Ukipaka Ndai ya Safari Rangi Mpya, Umeokoa Historia ama Umeifuta?

Ukisema wewe ni wa Masaku, watu wa Nairobi huuliza kitu kimoja: ushaenda Kituluni, pale unatoa gia na gari linaonekana kama linapanda mlima lenyewe? Sawa, hiyo tumezoea. Lakini Machakos na magari wametoka mbali. Raundi za ubingwa wa rali wa kitaifa zimekimbiwa kwa vumbi ya Maanzoni na Lukenya, na katikati ya zile mashine za kisasa huwa kuna Ford Escort na Datsun za zamani. Tusidanganyane, hizo za zamani zikipita, wazee huacha hata chai.

Tangu Safari Rally irudi kwa ubingwa wa dunia 2021, baada ya kukaa nje kutoka 2002, wasee wengi wameamka. Mtu anakumbuka kuna Datsun ya guka imelala nyuma ya boma, kuku zinataga ndani. Anaambiwa hiyo ni doh. Anaita fundi, anaita mpiga rangi, na ndani ya miezi michache ndai inang'aa kama imetoka kiwandani. Picha zinapigwa, likes zinaingia.

Shida ni moja. Kama kweli hiyo ndai ilikimbia Safari, huenda umeiharibu ukidhani unaitengeneza.

Gari la kawaida ukisema unalirudisha "orijino", kila mtu anaelewa: vile lilikuwa siku lilitoka kiwandani. Gari la rali si hivyo. Hakuna siku lilikimbia likiwa vile kiwanda kilitoa. Kabla ya Safari, mafundi walivua kila kitu na kuongeza welding kwa maungio ya bodi. Waliweka bamba la chuma chini kukinga injini, bulbar mbele, spotlight za kutosha, tangi kubwa la mafuta na spea mbili. Zingine ziliwekwa vishikio nyuma ili navigeta asimame pale nje, aongeze uzito matope yakikataa. Ukitoa hizo ndio gari lifanane na la showroom, umebaki na Datsun ya kawaida.

Cheki hii mfano. 1965, Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari na Volvo PV544. Hiyo gari haikuwa mpya. Ilikuwa imetumika na timu ya Volvo kabla iwafikie, kwa lugha yetu ni mtumba. Joginder alikuwa fundi kabla awe staa, akaitengeneza na ikashinda. Sasa niambie, orijino yake ni gani? Ile ya kiwanda Sweden, ama ile ilifika mwisho ikiwa na matope ya Afrika Mashariki? Kwa maoni yangu ni ya pili, maana hiyo ndio imefanya tuongee juu yake leo.

Wajapani wanaelewa hii kitu. Datsun 240Z ambayo Edgar Herrmann alishinda nayo Safari 1971 iko kwa mkusanyiko wa Nissan kule Zama, Japan. 2013 mafundi wa kampuni waliifufua, ikanguruma tena. Bodi bado ina mibonyezo. Kampuni inayotengeneza magari ingeshindwa kununua bati mpya kweli? Waliacha kwa sababu kila mbonyezo ni ushahidi.

Hapo ndio inauma. Safari ni yetu, ilianza 1953, barabara ni zetu, na Shekhar Mehta aliishinda mara tano. Lakini ukitaka kuona gari la 1971 lililoshinda, itabidi ukate tiketi ya ndege. Zile zilizobaki hapa, nyingi zilitolewa spea moja moja hadi zikaisha. Na zile chache zimepona, tunazimalizia sisi wenyewe na spray gun.

Kuna upande wa pesa pia. Mnunuzi wa maana haulizi rangi kwanza, anauliza karatasi. Kila aina ya gari iliyoshindana kimataifa ilikuwa na fomu za homologesheni, zikitaja hadi uwiano wa gia na kabureta gani inakubalika. Leo FIA hutoa pasi ya kiufundi kwa magari ya kihistoria, inayoonyesha gari linafanana na vile aina yake ilikuwa enzi hizo. Ukikosa logibuku, namba ya chesisi imesagwa na grinder, na huna picha hata moja ya zamani, gari lako ni kopi tu, hata kama babu anaapa kanisani.

Kwa hivyo, kabla hujaita mpiga rangi, fanya hivi. Piga picha kila kona, hata kutu. Soma namba ya chesisi na ya injini, linganisha na logibuku. Kwangua rangi pole pole mahali padogo, kwa sababu chini yake kunaweza kuwa na namba ya mlango ya mashindano. Bati iliyooza ikilazimu kukatwa, kata hiyo kipande peke yake, na usitupe chochote: weka kwa kartoni na uandike kilitoka wapi. Halafu tafuta mzee aliyeishika hiyo ndai enzi zake umrekodi na simu, maana huyo hana spea.

Na hapa vijana wa jua kali wa Machakos wanaweza kupata riziki. Kunyoosha bati kwa mkono, kufufua kabureta, kuchonga bushi ambayo haiuzwi tena, hizo ni kazi mafundi wetu wamefanya miaka yote bila mtu kuziita urithi. Kaunti na polytechnic zikiwafunza pia kuweka rekodi, mwenye gari hatalazimika kulituma ng'ambo ndio lithaminiwe.

Kama kuna moja imelala kwenu boma, toa kuku kwanza. Rangi inaweza kungoja.