Mastaa Acheni Kushusha Makangaga ya Msituni, Kivuli cha Uani Kina Yake

Leo naweka pembeni kidogo habari za nani kamwacha nani, tuongelee bustani. Usicheke, soma kwanza.

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kaposti video ya mjengo wake mpya. Gari kali, sebule kali, hapo hatuna neno. Ila komenti zote zimehamia kwenye kona ya nyuma yenye kivuli, maana kuna kangaga limesimama kama mti, limemzidi mwenyewe urefu, majani yamefunguka kama mwamvuli. Na anajisifia kabisa kwamba limeshushwa na Fuso kutoka milimani Usambara. Siku mbili mbele mwigizaji mmoja, naye jina kapuni, akajibu mapigo: kashusha matatu.

Mimi nasema wazi, hapo hapana.

Kwa wasiolijua, kangaga ndiyo ule mmea wengine mnauita ferni, majani kama manyoya, hautoi ua wala mbegu. Hili la mti linaota kwenye misitu ya milimani, kwenye ukungu na vijito. Linakua taratibu mno, kufika urefu wa mtu ni kazi ya miaka mingi. Ndiyo maana kulivusha mpaka kibiashara kunabanwa na mkataba wa CITES, uleule unaobana pembe za ndovu. Na kwenye hifadhi kama Amani kule Muheza, huondoki na mmea bila kibali.

Sasa unaling'oa kwenye baridi, unalileta Dar ya mwezi wa pili, joto nyuzi 32, unalichimbia kwenye mchanga. Unategemea nini? Likikauka linatupwa, Fuso linarudi mlimani kufuata lingine. Na nyuma yako kuna mashabiki kibao wanaoiga kila kitu, kuanzia nywele mpaka bustani.

Najua kuna watakaosema "hela yake, nyumba yake, inawahusu nini?" Sawa, hela ni yake. Msitu siyo wake. Watu wa Tanga mjini wanakunywa maji ya Mto Zigi, na huo mto unaanzia kwenye misitu hiyohiyo ya Usambara Mashariki. Kila mwenye hela akichukua kake kamoja, tutabaki na nini?

Haki yao niwape. Bora hawa wanaopenda mimea kuliko wale wanaotandika majani ya plastiki uwani halafu wanayapiga deki. Wazo la kijani ni zuri, shida ni linapotoka.

Maana Pwani tuna makangaga yetu yanayolipenda joto hili. Kuna lile la majani marefu kama upanga, linatambaa lenyewe na kuotesha watoto pembeni. Fungu moja ukiligawa unapata vyungu vitatu, jirani naye anapata. Kuna lile lililojikusanya kama kiota cha ndege. Kuna lile la kuning'inia lenye majani mapana kama masikio ya tembo. Hilo halitaki udongo, unalifunga kwa kamba kwenye gogo na linashika lenyewe. Muulize muuza maua kama kalikuza mwenyewe au kalibandua porini. Akianza kuzunguka zunguka, pita hivi.

Na huhitaji mjengo. Hata kama umepanga chumba na sebule Tabata, ile kona kati ya ukuta na dirisha la jikoni, ambayo kila ua unalopanda linakufa kwa kukosa jua, ndiyo kangaga inaitaka. Jua la asubuhi kidogo linatosha, la saa saba linaliunguza. Changanya udongo na majani yaliyooza na makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kusuuzwa vizuri chumvi itoke. Chungu kiwe na matundu chini, maji yakituama mizizi inaoza.

Kuhusu maji, visima vingi vya Dar vina chumvi, ukiona ncha za majani zinakauka rangi ya kahawia usikimbilie mbolea. Kinga ya mvua, au weka ndoo chini ya kiyoyozi, yale yanayodondoka hayana chumvi. Mastaa wenye viyoyozi vitano mmesikia?

Na jamani, vile vidoti vya kahawia vilivyojipanga nyuma ya jani siyo wadudu. Watu wanapiga dawa mpaka mmea unakufa. Vile ndivyo vinabeba vumbi linalozaa makangaga mapya. Furahi, mmea wako una afya.

Kwa hiyo kwa yule staa wetu na mwigizaji wake: hatuna chuki, nyimbo tunasikiliza na filamu tunaangalia. Ombi letu moja tu. Baada ya miezi sita tupostieni makangaga yaleyale, kwenye kona zilezile, bila filta. Yakiwa bado ya kijani nitaandika hapa kwamba nimekubali. Yakiwa yamebaki magogo, basi mtangazieni shabiki wenu kwamba la chungu cha uani lingetosha.

Wewe mdau unaonaje, hela yake aachwe au aambiwe? Shusha komenti hapo chini, matusi hapana.