Bei ya kilo si bei ya kifaa

Wenye mitaji midogo wa Ngara na Biharamulo wanaoagiza vifaa vitano au kumi kwa fundi mkerezaji huanza kwa swali moja: kilo ya chuma ni shilingi ngapi? Swali hilo limekula mitaji mingi. Katika kazi ya idadi ndogo, kama mashine za mkono za kukamulia asali, gharama kubwa mara nyingi ni saa za mashine na visu vinavyokatika, wala si chuma chenyewe.

Hesabu ni rahisi. Fimbo ya milimita 30 ikikerezwa mpaka milimita 20, asilimia 56 ya chuma kilicholipiwa hubaki sakafuni kama vumbi na nyuzi. Tena shaba ya njano ni nzito mara tatu kuliko alumini ya ukubwa uleule. Kwa hiyo alumini ikiuzwa kwa bei ya kilo mara mbili ya shaba hiyo, bado kwa fimbo moja ndiyo nafuu.

Chuma chakavu ndicho kishawishi kikubwa. Malori yanayoelekea Rusumo na Kabanga huacha njiani springi na ekseli zilizovunjika, na bei yake huvutia. Lakini springi imeimarishwa kwa moto, na kisu cha kawaida hakiiwezi mpaka ipashwe iwe nyekundu, kisha iachwe ipoe polepole ndani ya majivu. Kuni, muda na kisu vikijumlishwa, unafuu hutoweka. Kwa fremu, mikono na magurudumu, chuma laini cha dukani kinatosha.

Shaba ya njano ni rafiki wa mkerezaji: hukatika vizuri, na mabaki yake yanauzika. Inafaa kwa bushi na vishikizo. Isiguse asali, kwa sababu aina inayokerezwa kwa urahisi huwa na risasi, na asali ina asidi. Mabati nayo yasitumike ndani ya pipa, kwani asidi hiyo huyeyusha zinki. Mahali hapo panahitaji stenlesi, ingawa ni ngumu kukereza na hulazimisha mashine kwenda taratibu.

Hapo ndipo ulaghai hujificha. Wanunuzi wengi hupima kwa sumaku: isiposhika, huamini ni stenlesi nzuri. Namba 304 ina nikeli takriban asilimia 8. Namba 201 ina nikeli kidogo na manganisi nyingi. Kwa kawaida zote mbili hazishikwi na sumaku, lakini 201 huwahi kupata kutu. Mnunuzi adai namba iliyoandikwa kwenye fimbo au cheti cha kiwandani.

Wala asitokee mtu wa kungoja nikeli ya Kabanga ishushe bei hiyo Ngara. Leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2021, na mpango uliotangazwa ni kusafisha madini Kahama. Nikeli safi bado si fimbo ya stenlesi. Lazima iyeyushwe na chuma na kromi katika viwanda vikubwa vya nje, kisha irudi kwa meli na lori. Bei yake hupangwa London, ambako Machi 2022 ilivuka dola 100,000 kwa tani na biashara ikasimamishwa. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa karibu dola 15,000. Jirani wa mgodi hulipa bei ileile ya mtu wa Mwanza, pamoja na nauli.

Mwenye mtaji mdogo atenge stenlesi kwa sehemu zinazogusa asali tu, chuma laini kwa mwili, na shaba ya njano kwa bushi. Aagize kifaa kimoja kwanza, akitumie msimu mzima, ndipo alipie tisa vilivyobaki. Na anapopatana na fundi, wapatane bei ya kifaa kilichokamilika. Bei ya kilo ni ya muuza chakavu.