Waacheni Watoto Wachongoane

"Kwenu ni kudogo hadi jua likiingia, nyinyi mnatoka nje!"

Wanafunzi waliowazunguka wavulana wawili waliangua kicheko. Mvulana aliyechongolewa hakununa. Alitulia kidogo, akajibu: "Afadhali sisi jua hutufikia. Kwenu ni giza hadi mende hutembea na tochi!"

Hapo ndipo mwalimu wa zamu alipotokea, akawapigisha magoti wote wawili kwa kosa la kutukanana.

Nimefundisha Kiswahili hapa Nairobi kwa miaka 18, na adhabu ile ilinikera. Saa moja baadaye niliingia darasani mwao kufundisha fasihi simulizi. Mada ya siku ilikuwa michongoano. Tunawatahini juu ya utanzu huu, kisha tunawaadhibu wakiutumia uwanjani.

Tulitazame neno lenyewe. Kuchongoa ni kukipa kitu ncha, kama tufanyavyo penseli. Vijana wa mitaani wanapochongoana, wananoana ndimi. Nguzo ya mchezo huu ni chuku. Hakuna nyumba ambayo wenyewe hutoka ili jua lipate nafasi, wala mende mwenye tochi. Kila msikilizaji anajua ni uongo, ndiyo maana mlengwa naye hucheka. Anayekasirika ameshindwa. Anayechekesha zaidi ndiye mshindi.

Tusi ni jambo jingine. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alimwambia mwenzake, ambaye babake alikuwa amefutwa kazi: "Kwenu mnalala njaa." Hakuna aliyecheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Wenzake walimkemea kabla sijafungua kinywa. Watoto hawa wanaijua mipaka kuliko tunavyodhani.

Wala kushindana kwa maneno si ugeni kwetu. Mapema katika karne ya 19, Mombasa na Lamu zikiwa mahasimu, Muyaka bin Haji wa Mombasa alilumbana kwa mashairi na washairi wa Lamu. Leo tungo zake zinasomwa kwa heshima vyuoni.

Walimu wenzangu na wazazi, nawaomba msikilize kabla ya kuadhibu. Mtoto akichomwa kwa jambo la kweli linalomuumiza, ingilieni kati mara moja. Lakini ikiwa ni mende na tochi yake, waacheni wachongoane. Hapo ndipo wanapojifunza kujibu kwa maneno badala ya ngumi.